Daktari Aliyeitwa Fundi Bomba

Teke la kwanza hakuliona, alilisikia. Lilitoka kwenye kitanda cha mwisho cha wodi ya wanawake, sauti nzito kama ya gunia linaloangushwa, kikafuata kishindo cha stendi ya dripu kuanguka sakafuni. Wakati huo alikuwa daktari mbichi kabisa, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Alipofika mbio alimkuta dereva mmoja wa lori amemburuta mkewe kutoka kitandani na anampiga mateke ya tumbo, tumbo lile lile lililoshonwa juzi tu baada ya mimba kutunga kwenye mrija wa uzazi na kuupasua. Damu ilikuwa imeshaanza kupenya kwenye bandeji.

"Mke gani hana mirija?" dereva alifoka. "Nimeoa gogo mimi?"

Manesi walipiga mayowe. Wagonjwa wakajifunika mashuka kichwani. Yule daktari mbichi hakupiga yowe. Aliinama, akachomoa chombo cha haja kilichokuwa chini ya kitanda cha jirani, cha chuma, na kwa bahati mbaya hakikuwa kitupu, akamtandika nacho dereva kisogoni kwa nguvu zake zote. Mtu mzima yule alikwenda chini na uchafu wa chombo usoni, akatolewa nje na wapagazi akitapika.

Daktari akapiga magoti sakafuni kwenye damu na mkojo, akashikilia jeraha la mwanamke kwa viganja viwili mpaka walipomrudisha chumba cha upasuaji. Alipozinduka, mgonjwa hakumshukuru.

"Mngeniacha nife tu, daktari," alisema. "Sasa narudi kwa nani? Mrija mmoja ulishaziba, mwingine mmeukata. Kwani haushoneki?"

Swali hilo lilimkaa rohoni. Akalipeleka kwa mkuu wake, bingwa wa upasuaji ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee Kisu, mtu aliyekuwa na mazoea ya kuwarushia manesi mikasi walipochelewa kumpa. Mzee Kisu alicheka mpaka akakohoa.

"Binti, ule mrija ndani yake ni mwembamba kama unywele wa farasi. Ukiushona unaziba. Mrija mbovu unakatwa, basi. Na siku nyingine ukitaka kumpiga mume wa mtu, tumia kitu kisafi."

Daktari alicheka naye, maana ilimbidi. Lakini tangu siku hiyo kila alipofungua tumbo la mwanamke aliyepasuka mrija, damu ikimfika viwikoni, alikuwa anaona kitanda cha mwisho cha wodi. Alipopata nafasi ya masomo nje aliomba fani ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia: kushona vilivyo vidogo mno, kwa kutazama kwenye hadubini.

Mwalimu wake huko alikuwa mzee mfupi, mkavu wa maneno, aliyekaa nyuma ya mwanafunzi akiwa na kibano cha chuma mkononi. Mkono wa mwanafunzi ukitetemeka kidogo tu, kibano kinatua kwenye vifundo vya vidole. Siku ya kwanza alishindwa hata kuuona uzi. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ukipumua vibaya unapeperuka na huupati tena. Alishona mishipa ya panya asubuhi hadi jioni. Panya walikufa. Vifundo vyake vilivimba, vikachubuka, vikaota sugu. Usiku alikuwa anamwandikia mumewe kwamba amekuja kusoma udaktari lakini anahisi yuko jela. Mumewe, mwamuzi wa mpira wa miguu, alimjibu kwamba hata yeye hutupiwa chupa kila wiki, tofauti ni kwamba yeye analindwa na polisi.

Siku moja panya hakufa. Damu ilipita pale aliposhona, nyekundu, bila kuvuja. Mzee mfupi aliinamia hadubini, kisha akakiweka kibano mfukoni.

Aliporudi nyumbani na cheti chake, hospitali haikuwa na hadubini ya upasuaji isipokuwa moja, ya daktari wa masikio. Huyu alikuwa jitu la mtu, mpole, mwenye mdomo mchafu kuliko wapagazi wote, na alikuwa akiipenda hadubini ile kama mtoto wake.

"Nitakuazima siku ambazo sipasui," alimwambia. "Ila ikikwaruzwa, dada yangu, nitakuziba masikio kwa saruji."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Hadubini ilisukumwa kwa magurudumu yake kutoka upande wa masikio hadi upande wa wanawake, kupitia ukumbi mrefu wenye vigae vilivyong'oka, na madaktari wenzake wakisimama milangoni kutazama kioja. Ni wao waliomwita Fundi Bomba. "Fundi, kwangu kuna sinki limeziba, utapita lini?" Yeye alikuwa akiwajibu kwamba anaanza na walioziba vichwa. Wa kwanza aliowashona hawakupata mimba. Mmoja alipata, ikatunga tena kwenye mrija, akaletwa amepasuka, macho yamegeuka, na Fundi Bomba ndiye aliyeukata mrija ule aliokuwa ameuunganisha kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Kisu alisimama kando akitazama damu ikifyonzwa, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu cha kuchekesha.

Kisha mshonaji mmoja wa nguo akazaa. Mtoto wa kike, mwenye sauti kama king'ora. Habari ilitembea yenyewe, na benchi la nje ya chumba cha Fundi Bomba likajaa hadi ukutani.

Pamoja na benchi ikaja vita. Yeye alidhani kazi ngumu iko chini ya hadubini. Akagundua kwamba iko pale nje. Mama mkwe alimzaba mkwewe kofi mbele ya watu wote kwa sababu alijibu swali la nesi kabla yake. Mawifi wawili walimvua mtu kilemba na kumwambia arudishe mahari. Wanawake walikuja na meno yaliyolegea, na alama za mkanda mgongoni, na mmoja na mkono uliounguzwa kwa pasi, wote wakisema wameanguka. Fundi Bomba alikuwa akiwafungua tumbo na kukuta mirija mizima, misafi kabisa.

Ndipo alipoweka sheria yake: hapimwi mke peke yake. Mume naye anapimwa, au hakuna matibabu. Wanaume walioshika ile chupa ndogo ya kuwekea mbegu walimtazama kana kwamba amewapa nyoka. Mmoja alimrushia usoni. Kioo cha dirisha lake kilivunjwa kwa jiwe, kikabadilishwa, kikavunjwa tena.

"Mwanangu, si urudi tu kuzalisha?" mama yake alimuuliza. "Waliokwisha kushika mimba hawana matatizo."

"Mama, hao ndio ninaokuta wamepigwa zaidi."



Katika miaka hiyo alipata mwanafunzi, daktari msichana aliyekuwa haongei. Akiulizwa jambo alitikisa kichwa. Akifurahi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wakamwita Kimya. Fundi Bomba alikaa naye kwenye hadubini yenye vitazamio pande mbili, mwalimu huku na mwanafunzi kule, akamfundisha bila kibano. "Mimi nilipigwa ndipo nikajua," alimwambia. "Sina uhakika kama nilijua kwa sababu nilipigwa." Kimya alitabasamu kwa upande mmoja.

Sasa tufike kwa Bwana Mbao. Alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao na sifa nzuri mjini, mtu wa kuchangia misiba na kusalimia watoto. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwenye shingo ndefu aliyoifunika kwa mtandio hata kwenye joto. Fundi Bomba aliwahi kuufunua mtandio ule wakati wa kumpima. Alama za vidole zilikuwa bado mbichi. Mwalimu alisema amejikwaa. Daktari alimwuliza alijikwaa kwenye mikono ya nani, naye akageuza uso ukutani.

Vipimo vilionyesha mke hana tatizo lolote. Kwa mume hakukuwa na mbegu hata moja. Fundi Bomba aliwaita wote wawili, akafunga mlango, akaeleza taratibu. Mbegu zinatengenezwa vizuri tu, alisema, ila njia ya kuzipitisha imeziba, pengine ni ile operesheni ya ngiri ya utotoni. Ni kazi ya kukata palipoziba na kuunganisha. Ni kazi anayoiweza. Ameshaifanya, na wanaume kadhaa wanalea.

Bwana Mbao hakusikia nusu ya pili. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, jasho likimchuruzika kwenye masharubu.

Na hapo mkewe akacheka.

Hakikuwa kicheko cha sauti mwanzoni. Kilianza kama kwikwi, akajiziba mdomo, kikamshinda, kikatoka chote, miaka yote, mpaka machozi yakamtiririka na benchi la nje likanyamaza kusikiliza. Bwana Mbao aligeuka na kumpiga ngumi moja tu. Taya lilitoa mlio kama tawi kavu. Mwalimu akaanguka na kiti chake, na Fundi Bomba akajitupa katikati, akapokea ngumi ya pili begani. Askari wa mlangoni waliingia, wakamkumbatia Bwana Mbao na kumsindikiza hadi getini, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima zake, wakamwachia wakimwambia aende akapumzike.

Hakwenda kupumzika. Alikwenda kwenye gari lake.

Mwalimu alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya taya. Fundi Bomba, bega likimwaka moto, alikuwa akisaidiana na Kimya kuisukuma hadubini kuirudisha upande wa masikio. Walikuwa katikati ya ukumbi mrefu Bwana Mbao alipotokea mbele yao na spana ya kufungulia magurudumu. Hakukimbia. Alikuja akitembea kama mtu anayekwenda kazini.

"Ndiyo hii?" aliuliza. "Ndiyo mashine yenu ya kuchungulia uchi wa watu?"

Akainua spana juu ya vioo vya hadubini. Fundi Bomba hakufikiri. Aliona chuma kinashuka, akaona vile vioo, akaweka mkono wake wa kulia juu yake.

Pigo la kwanza lilivunja mkono na kitazamio kimoja. La pili Bwana Mbao hakulilenga kwenye mashine tena. Alimkandamiza mkono ule kwenye chuma cha hadubini kwa mkono wake wa kushoto, akaupiga kama anayegongelea msumari, na tena, na tena, na kila pigo alisema neno moja: "Njia. Yangu. Haina. Tatizo." Ngozi ilipasuka. Mfupa mweupe ulichungulia katikati ya vidole. Fundi Bomba alisikia mtu akipiga kelele mbali, akashangaa ni nani, kumbe ni Kimya, aliyemrukia mwanamume yule na kumchana uso kwa kucha, akapigwa kiwiko cha pua, akarudi tena na damu yake mdomoni.

Aliyemaliza mambo ni daktari wa masikio. Alitoka chumbani kwake kwa kishindo, akaona hadubini yake, akaona mkono ule, akamdandia Bwana Mbao mgongoni na kumng'ata sikio. Aliling'oa kipande. Wote wawili wakaanguka juu ya vigae, spana ikaserereka mbali, na wapagazi wakamlalia Bwana Mbao mpaka polisi walipofika. Watu walitania miaka mingi: yule bwana, hata kwenye ugomvi haachi fani yake.

Mkono uliwekwa juu ya meza ya upasuaji ukiwa umevimba kama kitu kisicho cha mtu. Daktari wa mifupa aliipanga mifupa na kuifunga kwa vyuma. Kisha akarudi nyuma.

"Mifupa nimemaliza," alisema. "Lakini kano zimekatika, na mshipa wa fahamu wa vidole umekatika. Huo mimi siuwezi. Anayeuweza hapa ni mmoja, na ndiye amelala."

"Wako wawili," alisema Fundi Bomba.

Alikuwa macho. Alikataa nusu kaputi. Mkono tu ndio uliotiwa ganzi kuanzia kwapani. Kimya alikuwa amesimama pembeni, pamba puani, macho yamevimba.

"Leta hadubini."

"Imevunjika jicho moja," alisema Kimya. Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kwake.

"Una macho mangapi ya kutazamia uzi mmoja? Kaa."

Kimya akakaa. Kwa kitazamio kimoja huoni kina. Sindano unadhani imefika kumbe iko hewani. Fundi Bomba aliwaamuru wamwinue kichwa na wamshikie kioo kikubwa aone. Alipoona ndani ya kiganja chake, nyama nyekundu, kano nyeupe zilizojikunja, alimgeukia Kimya. Akamwelekeza kwa sauti ya chini, kama anavyomwelekeza kila siku. Tafuta ncha ya juu. Siyo hiyo, hiyo ni kano. Safisha. Usivute. Kata palipopondeka, ndiyo, kata, usinionee huruma, nyama iliyokufa haishonwi. Kimya alitetemeka mara moja, akasimamisha mkono, akaona aibu.

"Hakuna anayekupiga," alisema Fundi Bomba. "Endelea."

Mzee Kisu, ambaye alikuwa amestaafu na alikuja mbio aliposikia habari, alisimama nyuma yao akiwa amevaa glavu asizozihitaji. Kimya alipoomba mkasi, mzee aliuweka kiganjani mwake polepole.

Fundi Bomba alipata mkono wa kushika kijiko, kufunga kifungo, kupeana mikono na watu. Vidole viwili vilirudi na hisia, kingine kikabaki baridi hadi leo. Mkono wa kushona uzi usioonekana hakuupata tena. Alijaribu, kwa siri, juu ya panya, akiwa amejifungia. Sindano ilimponyoka. Akalia kwa hasira, akaupiga ukuta kwa mkono ule ule, vyuma vikalegea, akarudishwa kwa daktari wa mifupa ambaye alimtukana kama mtoto.

Mwalimu wa chekechea alikuja kumwona, taya limefungwa waya, akisema kwa meno yaliyobanwa.

"Nisamehe, daktari. Kicheko changu ndicho kimekuvunja mkono."

"Kilichonivunja ni spana," alisema Fundi Bomba. "Ulicheka nini, hasa?"

Mwalimu alifikiri. "Nilichoka," alisema.

Alitoa ushahidi mahakamani akiwa na waya zake, bila mtandio, shingo wazi. Bwana Mbao alifungwa. Mwalimu hakumrudia yeye wala ndugu zake.

Kazi iliendelea kwa mikono ya Kimya. Fundi Bomba alikaa upande wa pili wa hadubini mpya, iliyochangiwa na akina mama wa benchi, akitazama na kusema. Wanawake walizaa. Na wanaume, kidogo kidogo, walianza kuishika ile chupa bila kuirusha.

Bwana Mbao alimaliza kifungo chake. Siku moja asubuhi Fundi Bomba alifungua mlango kumwita anayefuata, akamwona ameketi benchini katikati ya wanawake, kofia imeshushwa juu ya sikio lake pungufu. Kando yake alikuwa msichana, mke mpya, ambaye hakuwa amevuka sana umri wa shule. Mkono wa Fundi Bomba ulianza kuuma wote, hata kidole kilichokufa.

Aliwaingiza. Kimya, alipomwona, alitoka na kusimama nje ya mlango.

"Daktari, nimetumikia adhabu yangu," alisema Bwana Mbao, macho chini. "Nasikia inaunganishika. Ulisema hivyo siku ile."

"Nilisema."

"Basi nakuomba. Mimi ni binadamu."

Fundi Bomba alimtuma akasubiri nje, akabaki na msichana. Alimwomba avue blauzi apimwe. Msichana alisita, akavua. Mbavu zake zilikuwa na rangi zote, mpya na za zamani, na chini ya titi palikuwa na alama ya kitu kilichopigwa kwa ukingo.

"Umejikwaa?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Una ndugu gani mwenye nguvu?"

Msichana alianza kufunga vifungo vya blauzi. "Mjomba," alisema.

Kimya aliitwa, akampitisha kwa mlango wa nyuma, akamtafutia usafiri. Fundi Bomba alitoka kwa mlango wa mbele, akasimama mbele ya benchi zima.

"Sitakutibu," alimwambia Bwana Mbao. "Mkono ambao ungekuunganisha uliupiga mwenyewe. Wapo wengine wanaojua, lakini hakuna atakayekuunganisha hapa ili upate mtoto wa kumpiga pamoja na mama yake. Na mkeo ameshaondoka."

Bwana Mbao alinyanyuka. Alikuwa bado mtu mkubwa. Alimshika daktari koo kwa mkono mmoja na kumbana ukutani, na Fundi Bomba akaona nyota.

Hapo benchi likainuka. Aliyeanza alikuwa mama mmoja mnene aliyekuja na mkwewe. Alivua kiatu chake na kumpiga nacho Bwana Mbao mdomoni. Wakafuata wote, kwa viatu, mikoba, chupa za maji, mwavuli, kucha. Walimwangusha. Walimpanda. Wanawake waliokuja wakinong'ona, walioanguka ngazini na kuungua kwa pasi, walimpiga mwanamume yule kila mmoja kwa ajili ya wake, wakitaja majina ambayo siyo yake. Meno yake yaliruka kwenye vigae. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba.

Fundi Bomba alisimama akijishika koo. Angeweza kuwazuia, wangemsikia. Alitazama. Aliona raha ikimpanda kutoka tumboni, ya moto, tamu, na ikamtisha kuliko spana ilivyowahi kumtisha.

"Basi, jamani," alisema mwishowe. "Basi. Mtamuua."

Wakaacha. Wakarudi kuketi, wakihema, wakitafutana viatu.

Bwana Mbao alitibiwa wodi ya wanaume, kisha akahama mji. Wengine walisema alipata mtoto huko aliko, wengine walisema bado. Fundi Bomba hakuuliza. Kliniki ilifungwa kwa uchunguzi, ikafunguliwa tena kwa sababu benchi halikuondoka. Alifanya kazi mpaka macho yalipochoka, kisha akamwachia Kimya wodi na wanafunzi wake, ambao wanasema Kimya siku hizi anaongea sana.

Mara moja, wakinywa chai nyumbani kwa mwalimu wake, Kimya alimwuliza kama kuna kitu anachojutia katika kazi yote ile.

"Kimoja," alisema Fundi Bomba. "Siku ile nilichelewa kusema basi."

Akakishika kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa.

"Kuna siku nyingine," alisema, "najuta kwamba niliwahi mno."